Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwombea Mgonjwa Wako Tiba Shufaa

Familia nyingi hufika kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, zikiwa zimechelewa, mgonjwa akiwa amebakiza siku chache na ameshateseka kwa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa mapema. Wengi hudhani kwamba huduma hiyo ni ya wanaokata roho, ilhali Hospisi ya Nairobi, kituo cha tiba hiyo kilichoanza mwaka 1990, na ile ya Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, huwafuata hata majumbani wagonjwa ambao bado wana miezi mingi ya kuishi.

Kwanza, mwulize daktari bila kuzunguka: je, matibabu haya yanalenga kumponya, kumwongezea muda, au kumpunguzia mateso? Wapo madaktari wasiolisema hilo hadi waulizwe, nasi ndugu, kwa heshima au kwa woga, hatuulizi.

Kisha mtazame mgonjwa mwenyewe. Ikiwa amelazwa mara kwa mara kwa tatizo lile lile, nguo zinampwaya, na kila safari ya kliniki inamwachia siku mbili za kutapika, usingoje zaidi. Weka daftari kando ya kitanda, na kila asubuhi na jioni umwulize maumivu yamefika ngapi kati ya 0 (hayapo kabisa) na 10 (makali kupita yote), kwa kuwa ukurasa mmoja wa tarakimu hizo utamsaidia muuguzi kuliko kuambiwa tu kwamba mgonjwa anaumwa sana.

Suala la mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ndilo huzua ubishi mkubwa nyumbani. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, ikipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kwa kuwa hufunga choo, dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyo hiyo. Hakosekani shangazi atakayesema kwamba dawa hiyo inaua au itamfanya mgonjwa awe teja. Aelezwe mapema, tena na muuguzi, kwamba ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa haifanyi hivyo. Mgonjwa akitaka kurudi kijijini, ulizieni kabla ya kukata tiketi ya basi ni hospitali gani ya huko inayotoa mofini, maana maduka mengi ya dawa hayaiuzi.

Mgonjwa naye aulizwe angependa kujua kiasi gani kuhusu hali yake, na auguzwe wapi. Kumficha kwa nia njema humnyima nafasi ya kuweka sawa madeni, wosia na ugomvi wa zamani.

Mwisho, pangeni zamu. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, na kazi hiyo, tusidanganyane, huangukia binti mmoja au mkamwana. Namba ya muuguzi iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, ili aliye zamu saa nane za usiku aipige kabla ya kutafuta teksi.