Kabla hujaanza kukamua maganda, piga hesabu hizi kwanza
Watu wengi wakiona maganda ya machungwa yanatupwa wanadhani faida iko nje nje, kumbe pesa inaliwa na moto. Anza na maji: ganda bichi ni kama 80% maji, na kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke inakula karibu kWh 0.63, hapo bado joto linalopotea. So kama unataka mafuta ya limonene (yale yenye harufu ya chungwa kwenye ganda) usikaushe maganda, yapitishie mvuke yakiwa mabichi.

Pektini, ile inayogandisha jamu, ndo ina mambo, unachemsha maganda kwenye maji ya asidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi) kama 2, unachuja, halafu unamwaga ethanoli (pombe kali) mpaka pektini inajikusanya kama utando wa jeli, na ethanoli yote hiyo lazima uichemshe unase mvuke wake ili uitumie tena, hapo ndo bili na hewa ukaa vinapanda. Kila bechi andika lita ulizoweka na ulizorudisha, tofauti ndo hasara yako. Heksani, kiyeyusho ambacho wengine hutumia kutolea mafuta, mi siipendi kabisa, inaharibu neva na inashika moto fasta.

Maji ya asidi yapunguze makali ndo umwage, makapi peleka kwenye biogesi.