Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Amplifaya ya Mtumba kwa Sinema ya Nyumbani

Uchaguzi wa amplifaya ya mtumba huanzia nyumbani, kwa kuwa maswali yanayoamua ununuzi yanahusu spika ulizo nazo, televisheni yako na umeme unaoingia katika nyumba yako. Mnunuzi anayefika Kariakoo, au katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, bila majibu ya maswali hayo, hubaki kutazama ukubwa wa amplifaya na tarakimu za wati, ambavyo havimwelezi mengi.

Geuza kwanza kila spika na usome lebo iliyo nyuma yake. Namba ya kutafuta ni ile ya omu, yaani ukinzani wa spika. Amplifaya nyingi za sinema ya nyumbani zimeundwa kwa ajili ya spika za omu 6 au 8, ilhali spika nyingi zinazouzwa kama seti moja pamoja na mashine yake ni za omu 3 au 4, kwa sababu zilikusudiwa kuendeshwa na mashine hiyo tu. Ukiziunganisha na amplifaya ya kawaida zitavuta mkondo mkubwa kupita kiasi, amplifaya itapata joto, itajizima kila unapoongeza sauti, na hatimaye inaweza kuungua. Mwenye spika za namna hiyo ningemshauri atenge fedha za spika kabla ya kufikiria amplifaya. Tahadhari hiyohiyo inahusu sabufa: tundu la sabufa lililo nyuma ya amplifaya hutoa ishara ya sauti bila nguvu ya kuiendesha, hivyo linahitaji sabufa yenye amplifaya yake ndani na waya wake wa umeme. Sabufa za seti mara nyingi hazina vitu hivyo.

Kuhusu wati, uliza zilipimwaje. Wati 100 zilizopimwa kwa chaneli 2 (chaneli ni njia ya sauti inayolisha spika moja) zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwa upotoshaji wa sauti usiofika asilimia 0.1, ni nguvu halisi. Wati 100 zilizopimwa kwa chaneli moja, kwa hezi 1,000 pekee na upotoshaji wa asilimia 10, ni pungufu sana. Maelfu ya wati yanayoandikwa pamoja na herufi PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kwa kitambo kidogo mno, yaachwe kabisa. Kumbuka pia kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na tofauti kati ya wati 80 na wati 100 ni takribani desibeli 1, kiasi ambacho sikio hulitambua kwa shida. Spika yenye usikivu wa desibeli 90, yaani sauti inayoitoa kwa wati ileile ni kubwa zaidi, huhitaji nusu tu ya wati zinazohitajika na spika ya desibeli 87 ili kutoa sauti ileile, kwa hiyo usikivu wa spika unastahili kuangaliwa kuliko majigambo ya amplifaya.

Suala la umeme ndilo linalowagharimu wanunuzi wengi wa mtumba katika nchi zetu, na halina mjadala. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, yote kwa hezi 50. Amplifaya iliyotoka Uingereza hutumia volti 230 na huja na plagi ya pini tatu bapa kama tunazozitumia, kwa hiyo haina usumbufu. Iliyotoka Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, na iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Soma lebo ya nyuma mwenyewe wala usitegemee plagi, maana plagi hubadilishwa kwa dakika chache. Dalili nyingine ya mashine ya soko la Japani ni redio yake ya FM kuanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, jambo wanalolifahamu wote waliowahi kununua gari lililotoka huko. Mashine ya volti 100 haifai kuwekwa kwenye transfoma ya kawaida ya kushusha umeme hadi volti 110, kwa kuwa itakuwa inapokea umeme uliozidi kila siku. Ukiamua kununua ya volti 120, transfoma yake iwe na uwezo unaozidi kwa mbali matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo, na bei yake uijumlishe katika bei ya amplifaya kabla ya kusema umepata nafuu.

Baada ya umeme, fikiria njia ya picha na sauti. Tundu za HDMI, zile za kebo moja inayopitisha picha na sauti, zikiwa za zamani ndizo zinazoifanya amplifaya ionekane imepitwa na wakati, lakini maoni yangu ni kwamba mwenye bajeti ndogo asizikimbilie sana. Picha inaweza kwenda moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi au kichezeo hadi kwenye televisheni, kisha sauti ikarudi kwenye amplifaya kupitia tundu la HDMI lenye alama ya ARC (yaani linalorudisha sauti kutoka kwenye televisheni), utaratibu uliokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Hata kebo ya optiki, ile inayopitisha sauti kwa mwanga, inabeba Dolby Digital, muundo wa sauti ya filamu, ya chaneli 5 na sabufa bila shida, mradi televisheni yako iruhusu kuitoa. Anayehitaji Dolby Atmos, sauti inayosikika hata kutoka juu, ndiye mwenye sababu ya kutafuta mashine za kuanzia mwaka 2014, zilipoanza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani.

Unapokwenda kukagua, chukua spika ndogo moja, kebo ya HDMI, simu yenye muziki unaoufahamu vizuri, na maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Kabla ya kuunganisha spika yoyote, washa amplifaya, punguza sauti hadi mwisho, kisha pima volti za DC (umeme usiobadili mwelekeo) kwenye kila jozi ya vituo vya spika, pale waya zake zinapofungwa. Kipimo kisichozidi milivolti 50 kinaridhisha; kikizidi 100, achana nayo, maana ni dalili ya kasoro, na umeme huo ukiongezeka unaweza kuchoma koili za spika. Kisha tumia sauti ya majaribio iliyomo katika menyu ya mashine, uhamishe spika yako chaneli moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, ukizima kwanza kila unapohamisha waya. Chaneli inayokatika sauti ikiwa ndogo na kurudi ukiiongeza ina kasoro ya rilei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, na fundi mzuri huirekebisha kwa gharama ndogo, sawa na kitufe cha sauti kinachokwaruza. Ubovu wa bodi ya HDMI ni jambo jingine, kwa sababu bodi hiyo haipatikani kwa urahisi, hivyo jaribu kila tundu. Iache iwake nusu saa: vuguvugu ni kawaida, lakini harufu ya kuungua au joto lisilovumilika kwa kiganja si kawaida. Angalia matundu ya hewa kwa tochi, maana mende hupenda kuweka makazi humo, na kwa mashine zilizokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar tazama kutu kwenye skrubu na ukijani kwenye vituo vya spika.

Rimoti yake halisi idai, kwa kuwa mashine nyingi hazifiki kwenye menyu za mpangilio bila hiyo. Kipaza sauti cha kupimia chumba kikikosekana si hasara kubwa, kwani umbali wa kila spika unaweza kupimwa kwa futi kamba na kuingizwa kwa mkono. Mwisho, risiti iandikwe modeli, volti na siku ulizopewa za kuijaribu nyumbani, na siku hizo uzitumie kwa filamu nzima, si kwa wimbo mmoja.