Jinsi ya kuomba kibao cha kumbukumbu kwa mwandishi wa kwenu

Kibao chenyewe si cha mbuzi wa kukunia nazi. Ni kile cha shaba au jiwe, kinachotiwa ukutani ili mpita njia ajue kuwa mtunzi fulani ametoka hapa.

Usianzie ofisini, anzia kwa mwenye nyumba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za urithi: ndugu mmoja yupo Malindi, mwengine Maskati. Pata ridhaa yao kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya wakfu, ridhaa iombe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana; anayekaa humo ni mpangaji, saini yake haitoshi.

Kisha kusanya ushahidi: vyeti, barua za zamani, maneno ya wazee wawili watatu, na ukiweza upite Nyaraka, panapowekwa kumbukumbu za zamani, pale Kilimani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa riwaya, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918; Haji Gora Haji, mshairi, kisiwani Tumbatu mwaka 1933. Hayo yanatosha kwa kibao cha kijiji au cha skuli. Lakini kuandika "katika nyumba hii" bila ya uhakika ni kumzulia marehemu.

Maneno yawe machache, mtu ayasome huku anatembea:

MUHAMMED SAID ABDULLA
1918–1991
Mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale
Alizaliwa Makunduchi

Waombe BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili Zanzibar, wakutazamie lugha kabla fundi hajachonga. Herufi iliyokosewa kwenye shaba haifutiki.

Sasa andika barua, ipite kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Kwa jengo la Mji Mkongwe inakwenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, maana mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000 na kuta zake hazitobolewi ovyo. Ambatisha ridhaa, ushahidi, picha ya ukuta na mchoro wa kibao wenye vipimo. Mashamba, yaani nje ya mji, na Pemba, baada ya sheha barua inakwenda wilayani. Pahala pakiwa pa kihistoria palipohifadhiwa, ofisi ya Mambo ya Kale ndio wenye kauli.

Toa nakala, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi niliwahi kuacha barua mahali bila ya nakala. Niliporudi, hakuna aliyeiona.

Ukikubaliwa, mtafute fundi anayejua kuta za mawe na chokaa. Skrubu ziwe za shaba: za chuma, kwa hewa yetu ya chumvi, hula kutu, zikavimba na kupasua plasta. Kiraka kiwe cha chokaa, si saruji. Na mlango wa nakshi usiguswe kabisa, hata kama ndio unaoonekana vizuri zaidi.

Nakala ya kibali mwachie sheha, ili siku nyumba ikipakwa rangi mpakaji asije akapitisha brashi juu ya jina la mtu.