Ukitaka kuhama Wete kwenda Unguja, anza na nazi

Binti wa dada yangu kanipigia simu juzi usiku. "Mamdogo, nihamie Unguja au nibaki Wete?" Swali hili nalisikia kila msimu wa karafuu ukimalizika kwetu Pemba, watu wakiwa na vijisenti mkononi, kwa hiyo nayaandika niliyomwambia. Mimi nimehama mara mbili. Ya kwanza nilirudi kwetu baada ya miezi saba. Ya pili ndiyo hii, nipo Tomondo, huku Unguja, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kofia za mkono. Dar ni hesabu nyingine, siigusi.

Chukua daftari. Usianze na faida na hasara za mji, maana utaandika "maendeleo" upande mmoja na "utulivu" upande wa pili, na hayo mawili hayalipi kodi. Anza na nazi. Kwa siku saba andika kila ulichotumia bila kutoa pesa: nazi ya mnazi wa uani, kisamvu, muhogo wa shambani kwa mjomba, kuni, maji ya kisima, samaki changu aliyeletwa na jirani aliyetoka pwani, mtoto aliyebaki kwa bibi yake ulipokwenda harusini. Mbele ya kila kimoja weka bei ya soko la Mwanakwerekwe. Kama huijui, mpigie mtu aliye huku, asikwambie "ghali tu", akwambie shilingi ngapi.

Mara ya kwanza mimi sikuandika. Nilijua kodi, nikajua nauli na bei ya mchele, nikaona hesabu imetimia. Wiki ya pili nikabandika maharage, nikatoka uani kwa mazoea kufuata nazi. Nikakutana na ukuta wa jirani na tangi la maji. Wakati ule nazi dukani nikinunua shilingi 700, na kwangu tui la nazi moja si tui. Mbili kwa siku, 42,000 kwa mwezi, na kofia moja ya kazi nzuri hunichukua miezi miwili na zaidi! Hapo bado sijahesabu muhogo.

Upande wa mapato, usiulize kama wateja wapo. Wapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Wanunuzi ni hao, na wanaogombea nyumba na wewe ni hao hao. Uliza kazi yako inaongezeka bei kiasi gani ikivuka bahari. Wete mchuuzi alikuwa anakuja hadi barazani kununua kofia, na hiyo kofia Darajani inauzwa kwa zaidi. Chukua tofauti hiyo, zidisha kwa idadi unayoimaliza kweli kwa mwaka, si unayoiota. Mimi namaliza tano. Tofauti ya kofia tano haikufika hata kodi ya miezi mitatu, ndiyo maana nilirudi. Mara ya pili nilikuja na kofia za wanawake wanane wa mtaani kwetu. Wao wanashona huko, mimi nauza huku, kila mmoja ana chake. Bila ya wale wanane ningerudi tena.

Sasa nyumba. Dalali atakutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, kwa hiyo ukikosea umekosea kwa pesa nyingi. Nenda kaitazame wakati wa masika, Machi hadi Mei, na uende siku ya mvua. Mimi nilikwenda Januari, jua kali, upepo wa kaskazi, kila kitu kikavu. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti, juu ya hapo rangi ya zamani. Nikasema moyoni, mwenye nyumba huyu muungwana, kapunguza uchafu. Aprili maji yaliingia yakasimama pale pale chokaa ilipoishia, kama yamepimwa kwa kamba. Godoro nililianika siku nne.

Habari ya maji ya mfereji usimuulize dalali. Muulize mtoto anayepita na dumu: yanatoka siku gani, saa ngapi, na yasipotoka anateka wapi. Atakwambia yote na hana sababu ya kukudanganya. Umeme nao, usiweke kwenye faida za Unguja peke yake. Pemba ina waya wake chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Unguja inategemea waya wa kutoka bara vilevile, na watu wazima wanakumbuka kiza cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009.

Karatasi ni jambo jepesi ukiwahi. Chukua barua kwa sheha wa kwenu, uipeleke kwa sheha wa unakohamia. Mtoto wa skuli msubirishe hadi mwaka wa masomo uishe.

Kisha kuna ukurasa ambao watu wengi hawaufungui. Andika majina ya wale ambao wakifa lazima uwepo. Majina kamili. Mimi sikuliandika la ami yangu kwa sababu alikuwa mzima, anapanda mkarafuu. Simu ilikuja saa moja asubuhi: kafariki alfajiri, anazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, siku ile ilikuwa imeshaondoka. Ndege imejaa. Nilikaa kizingitini na simu sikioni, binamu yangu kaiacha wazi mfukoni, nikawasikia wanaume wakiitikia, halafu nikasikia majembe. Kesho yake nilipata boti, nikateremka Mkoani, nikapanda daladala ya 603 hadi Chake na 606 hadi Wete. Nikafika siku ya hitima. Kama majina yako ni ya wazee, tenga nauli ya ndege na usiiguse hata kwa ada ya skuli. Na ujue kwamba hata hiyo nauli haikuhakikishii kiti.

Ukimaliza daftari, bado usihamishe vyombo. Njoo ukae mwezi mmoja. Ukifikia kwa ndugu, nunua chakula chako na uchangie umeme, la sivyo unaijaribu nyumba ya mwenzio. Wenye biashara kama yangu wasije Shaabani wala Ramadhani kujaribu soko. Miezi hiyo kofia zinajiuza zenyewe, ukirudi utasema Unguja pesa zinaokotwa. Njoo mfunguo nne, yaani Muharram, Idi zote mbili zimepita na mifuko imekauka. Soko la mwezi huo ndilo utakaloishi nalo.

Na ukishaamua, vyombo visafirishe wakati wa upepo wa kaskazi. Kusi likivuma, mkondo wa Nungwi hauna huruma na kabati la vioo. Langu lilifika likiwa mbao tupu.

Binti wa dada kaniletea picha za daftari lake. Nazi kaandika tatu kwa siku, nikaona huyu kweli ni wetu. Mkate wa boflo pia kauweka, nikamwambia aufute, boflo tunanunua huko na huku. Anakuja mfunguo nne. Chumba kipo, mchele aje nao, nazi atanunua.