AC ya gari kuukuu inavuja? Tafuta tundu kabla ya kununua gesi

Ukiishi Houston na gari lako ni la mwaka 2004, Julai ndiyo itakayokuambia hali ya AC. Asubuhi inapuliza baridi. Saa tisa alasiri, jua la nyuzi 38, inapuliza vuguvugu. Wengi wetu hukimbilia kopo la gesi dukani. Mimi nilijaza viangazi vitatu mfululizo kwenye Camry yangu. Ndugu yangu, gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ikipungua, imepita mahali.

Kwanza, maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka si ubovu, ni unyevu wa hewa. Yakilowesha zulia ndani, mpira wa kutolea maji umeziba.

Gesi ikivuja hutoka na oili ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Zima injini, ipoe, fungua boneti utafute vumbi lililoshikana na mafuta: kwenye maungio ya mabomba, mbele ya kompresa, na kwenye kondensa, ile kama rejeta iliyo mbele ya gari, ambayo hupigwa na mawe ya barabarani. Usipoona kitu, tia ndani ya mfumo wa AC rangi maalumu ya kutafutia uvujaji, endesha siku chache, kisha usiku mulika kwa tochi ya urujuanimno (UV). Kwangu kijani kiling'aa chini ya kifuniko cha mahali pa kujazia gesi. Kilichovuja ni kivalvu kama cha tairi, kitu ambacho ukikidondosha kwenye majani hukioni tena!

Usifungue bomba lolote gesi ikiwa ndani: inaunguza ngozi na macho kwa ubaridi, na Marekani ni kosa kisheria kuiachia hewani kwa makusudi. Gereji yenye mashine ya kuinyonya iitoe kwanza. Oringi mpya, yaani vipete vya mpira vya kuzibia maungio, zipake oili ya AC. Mfumo ukikaa wazi, badilisha na draya, kichujio kinachonyonya unyevu. Kisha pampu ivute hewa yote, angalau nusu saa, izimwe, na mshale wa geji utazamwe: ukirudi, bado panavuja. Gesi ijazwe kwa kipimo cha kibandiko kilicho chini ya boneti, si kwa kukisia.

Dawa za kuziba matundu ziache kabisa, zinaziba hata njia za gesi, na gereji nyingi hukataa gari lililotiwa.

Kama kinachovuja ni ivaporeta, sehemu inayopoza hewa, nyuma ya dashibodi, uliza bei ya kazi mapema. Kipuri chaweza kuwa rahisi, lakini saa za kung'oa dashibodi nzima unalipia wewe.