Namna ya Kuweka Daftari la Msomaji
Chagua kitabu kimoja, ukae nacho barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa chungu na kashata vikiwa mbali kidogo na kurasa. Usiandike muhtasari, nakili sentensi moja tu iliyokusimamisha, kisha ueleze chini yake, kwa maneno yako mwenyewe, imekukumbusha nini, hata ikiwa ni harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini kule Pemba. Tia tarehe. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, usiegemeze vitabu kwenye ukuta wa mawe na chokaa, kwani unyevu huvitia ukungu (nimepoteza diwani moja kwa uzembe huo, na bado inaniuma). Ukikirudia kitabu mwakani, yajibu maandishi yako kwa wino wa rangi nyingine.