Kupima jinsi seli B changa zinavyoshika stroma ya uboho

Wadogo zangu wanaokuja kujifunza maabara hapa Kampala huniuliza kwanza ni asilimia ngapi ya seli inatakiwa kunata. Mimi huwauliza wataosha vipi zile zisizonata. Jaribio hili huharibikia kwenye kuosha, basi huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Seli B, ambazo ni seli za kinga za damu, huzaliwa ndani ya uboho, na zikiwa changa hukaa zimeshikana na seli za stroma, yaani seli za kuzishikilia, ambazo huzilisha na kutoa CXCL12, protini ya kuzivuta karibu. Seli changa hushika kwa protini iitwayo VLA-4, na stroma hupokea kwa protini yake, VCAM-1. Lukemia (saratani ya damu) ya watoto hutumia mshiko huohuo: seli zilizoshika stroma huhimili dawa kuliko zinazoelea. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Mulago tangu 1967, na kwa ajili ya watoto wanaotibiwa huko nataka kazi hii ifanywe vizuri.

Ukitumia uboho wa mtu, anza na kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Tenga seli kwa Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli kwa uzito, yenye msongamano wa 1.077 g/ml, zilaze kwenye chupa kwa nyuzi 37 na kaboni dioksaidi 5%. Zitakazonata kwenye plastiki ndizo zitakazokupa stroma. Angalia mtungi wa gesi Ijumaa kabla hujaenda nyumbani, na inkubeta iwe na betri, maana umeme ukikatika usiku hakuna wa kukuamsha.

Seli hizo za stroma zihamishie kwenye sahani ya visima 96 na usubiri zifunike sakafu yote. Penye uwazi seli B zitashika plastiki, nawe utazihesabu kana kwamba zimeshika stroma. Visima vya pembezoni vijaze maji tu, hukauka upesi.

Kwa seli B, anayeanza atumie NALM-6, seli za lukemia zilizo katika hatua ya pre-B. Zitie kalsini, rangi inayong'aa, kwa dakika 30, uzisafishe, uweke 50,000 kwa kila kisima. Visima vingine viwe na kingamwili ya kuzuia VLA-4, vingine kingamwili ya aina ileile isiyolenga chochote, na vingine stroma peke yake. Acha saa moja kwa nyuzi 37, kisha soma mng'ao kabla hujamwaga kitu.

Sasa osha. Tumia midia (maji ya kulishia seli) yenye kalisi na magnesi, kwa sababu VLA-4 haishiki bila madini hayo. PBS ya kawaida, yaani maji ya chumvi ya maabara, isiyo nayo italegeza mshiko uliokuja kuupima. Usipige pipeti katikati ya kisima kama anayesuuza sufuria. Mimi sipendi pipeti hapa kabisa: nakijaza kisima hadi ukingoni, naziba sahani kwa utepe pasipo povu, naipindua juu chini nusu saa. Zisizoshika huanguka kwa uzito wake, na kila kisima kinavutwa kwa nguvu ileile, awe anafanya dada mwenye mkono mwepesi au kaka mwenye haraka. Ukiwa bado umeipindua, toa utepe, mwaga, rudisha midia kiasi cha mwanzo, soma tena.

Toa mng'ao wa stroma tupu katika kila usomaji, gawanya wa pili kwa wa kwanza, zidisha kwa 100. Kingamwili ya VLA-4 isipopunguza kitu, shuku stroma yenye mianya kabla ya kushuku kingamwili.

Wengine huongeza EDTA, kemikali inayonasa madini hayo, kuthibitisha kwamba mshiko unategemea madini. Ni kipimo kizuri, lakini EDTA huweza kubandua stroma yenyewe. Tazama kila kisima chenye EDTA kwa hadubini, na ukiona zulia la stroma limekunjamana, kifute kisima hicho kwenye daftari kabla ya kupiga hesabu.